Bonge Jeupe la Kabatini

Irine aliingia nyumbani akiongea. Kutoka Makambako mpaka Wanging'ombe alimsimulia bodaboda, na sasa hata kamwene ya kumwamkia mama yake aliisema huku bado anahangaika na kamba za viatu. Lile bonge, alisema, lile bonge la kabatini limetoa majibu.

Alilichukua mwaka jana, alipokuja kumpa mama pole. Mitihani ilimkosesha mazishi ya kaka yake Fredy; alifika matanga yameshaanuliwa, kaburi limeshapigwa sementi. Bonge alilikuta limefungwa kwenye kipande cha khanga, jeupe, jepesi kama andazi. Akamtania mama yake: kwa umri huu bado anakula udongo kama mjamzito? Mama hakucheka.

"Utalirudisha?" aliuliza tu.

Irine akaitikia, huku analitia mkobani.

Sasa maneno yalimtoka kama bisi kwenye sufuria. Chuoni alilisaga, akalichemsha kwenye dawa kali, akachungulia kwa hadubini. Humo, dayatomu tupu: vijimea vya majini, vidogo kuliko vumbi, vyenye magamba ya kioo. Aina zile huishi ziwani, tena kwenye kina. Maana yake hapa kwao, wanapokesha kanisani kuombea mvua ya alizeti, zamani za kale palikuwa maji matupu. Profesa mwenyewe aliacha chai ikapoa. Jumatatu wanakuja na mtambo, watachoronga chini wausome udongo tabaka kwa tabaka, nyakati za mvua na nyakati za ukame. Kilichobaki ni kujua bonge lilichimbwa wapi.

"Umekuja nalo?" mama akauliza.

"Halikubaki, Mama. Lote liliishia kwenye dawa. We nionyeshe shimo tu, nitakuletea ndoo nzima."

Mama aliinuka. Kisha akajifunga khanga, akatoka. Irine akamfuata, simu mkononi, tayari kupiga picha. Walipofika bondeni kwenye vinyungu, bustani za mboga, alidhani ndipo, mama akapitiliza. Wakaipita miparachichi. Nyuma ya miti hiyo, kwenye kaburi la Fredy, mama akainama, akaweka kiganja juu ya sementi.

"Shimo ndilo hili," alisema. "Mchungaji alituambia kila mtu atupie udongo wake. Mimi mkono ulikataa kufunguka."