Biskuti ya Pili

"Umerudi, mwanangu. Ingia ndani. Kahawa iko tayari," alisema mzee Doeke, kwa sauti ya mtu anayesoma utabiri wa hali ya hewa.

"Kata!" Harmen alibonyeza kitufe cha kamera, akashusha pumzi. "Baba, jamani! Mwana huyu amepotelea baharini miaka thelathini, nawe unamkaribisha kama fundi wa mabomba!"

"Fundi wa mabomba tungemfurahia zaidi," alisema jirani, Tjitske, aliyekuwa ameshika fimbo ya kipaza sauti. "Sinki ya mzee imeziba tangu Pasaka."

Mzee akacheka. Harmen hakucheka. Tangu asubuhi walikuwa wamekwama kwenye maneno hayo hayo.

Miaka ishirini alikuwa mwanachama wa klabu ya filamu, ile inayokutana nyuma ya kanisa. Mvumilivu hula mbivu, walimwambia. Yeye hata mbichi hakuionja. Riwaya zake zilirudishwa na wachapishaji, moja ingali imefungwa kamba yake. Mwaka jana klabu ilipoonyesha filamu yake, watu waliangua kicheko kwenye onyesho la mazishi. Basi akajiapiza: hii ndiyo ya mwisho. Ikishindikana, kamera inauzwa na kalamu inawekwa chini.

Na hii nayo ilianza na mkosi. Mwigizaji wa kumcheza mwana hakutokea, ikabidi kamera yenyewe iwe ndiyo mwana, mzee aitazame usoni. Kwa nini baba yake? Wengine wote walishamchoka. Tena nyumba ilikuwa inauzwa, na dada yake Froukje alishampatia mzee chumba katika nyumba ya wazee. Froukje huyo alikuwa hachoki kupiga simu: "Njoo umwone Baba, Harmen." Kila mara Harmen alijibu kwamba anahariri, akimaliza atakuja. Sasa amekuja, na kamera yake.

Wakapumzika kwa kahawa. Mzee akafungua kopo, akampa Harmen biskuti. Harmen alipopeleka mkono tena, kifuniko kikashuka.

"Moja moja, bwana mwongozaji."

Tjitske akaangua kicheko. Harmen akatabasamu kwa shida. Alikulia nyumba hii, sheria aliijua: mgeni hupewa moja, kifuniko kinarudi, wa nyumbani hujichotea. Mzee na utani wake!

Wakarudi mlangoni. Harmen akavua tena miwani, maana iligonga tundu la kuchungulia la kamera, na bila miwani hakuziona zile herufi ndogo za ndani zinazoonyesha kama inarekodi. Hakuzihitaji. Bonyeza, inarekodi, bonyeza tena, inasimama. Hata mtoto wa chekechea anaweza.

"Baba, nakuomba kitu kimoja tu," alisema, na machozi ya hasira yakamlenga. "Achana na huyu wa kwenye hadithi. Mfikirie mwanao."

Mzee akainua macho. "Wangu mwenyewe?"

"Wako mwenyewe. Kwamba ndiye amesimama hapa."

"Haya," alisema mzee, polepole.

"Anza!" Harmen akaita, akabonyeza.

Mlango ukafunguka. Mzee akaitazama kamera, midomo ikaanza kumtetemeka. Mkono wake ukainuka kama unaogopa kugusa. "Umerudi," alisema, sauti ikakwama. "Umerudi, mwanangu. Ingia ndani..." Kwenye maneno ya kahawa hakufika. Machozi yalikuwa yanamtiririka hadi kidevuni.

"Kata," alinong'ona Harmen. Akabonyeza, akaiacha kamera juu ya kiti, akakimbilia nje kwenye banda la baiskeli. Huko alilia kwa kwikwi. Maisha yake yote baba yake hakuwahi kumtazama hivyo. Klabu wacheke wakitaka, yeye amepata.

Aliporudi, Tjitske alikuwa anakunja nyaya na hakumtazama usoni. Mzee akafungua kopo bila kuombwa, akampa biskuti ya pili. Harmen aliila amesimama, na hakuwahi kula biskuti tamu kama ile.

Jioni, kwenye kompyuta yake, kitu cha kwanza alichokiona ni viatu vyake mwenyewe. Kisha sakafu. Kisha akasikia sauti yake ikiita "Anza!" na picha ikakatika. Ikarudi mara tu baada ya "Kata!" Viatu, sakafu, "Anza!", giza. Alipitia zote, moja baada ya nyingine. Kumbe asubuhi, akijaribu kitufe, alibonyeza mara moja ya ziada, na tangu hapo kamera ikafanya kinyume: walipoigiza ililala, walipopumzika ikarekodi.

Ule uso haukuwepo. Miaka ishirini ya kuhangaika, na siku alipoupata hakuurekodi! Alicheka peke yake, kicheko kibaya. Akapeleka mkono ili afute kila kitu.

Kipande cha mwisho kilikuwa bado kinacheza. Picha ilionyesha sakafu na ncha ya zulia, na mlango wa nje ulisikika ukifungwa.

"Umeweza, jirani," ilisema sauti ya Tjitske. "Kidogo niangushe fimbo. Na yeye umemliza."

"Si aliniambia nimfikirie mwanangu?" ilijibu sauti ya mzee. "Nikamfikiria Harmen wangu. Siku hizi haji."

Nyaya zikasikika zikikunjwa.

"Naye ni mtu wa kamera, Harmen. Huenda wanafahamiana." Kopo likasikika likivutwa mezani. "Kijana mwema huyu. Akirudi ndani tumpe biskuti ya pili. Si vizuri mgeni alie kwenye nyumba ya watu."