Dawa ya Mume Wangu

Askari alifungua kichupa, akakinusa. "Bangi ni bangi, hata ikiwa mafuta ya mgonjwa. Nani kaleta?"

Mgonjwa alikuwa amelala fofofo kwa mara ya kwanza tangu saratani imwingie mifupani.

Mkewe alimtazama mtalaka wa mumewe, aliyesimama kando ya kitanda, kiganja kikiwa bado juu ya blanketi. Yeye mke ndiye aliyekanda, akaogesha, akakesha. Huyu kaja jana tu na matone yake, na mume akatabasamu, akamwita Kipusa, kama zamani.

"Sema, mama."

Kumtaja kulikuwa rahisi kama kumeza mate. Lakini huyu akichukuliwa, kesho mume ataamka amlilie nani?

Mke akanyoosha mikono apigwe pingu. "Dawa ya mume wangu naleta mimi."