Zumari Nyuma ya Pazia

Zumari ilianza tena kulia nyuma ya pazia, na Mwamina akalitupia pazia jicho kali.

Ilikuwa siku ya pili ya matanga ya kaka yake, Mahamudu, hapa Mandawa. Wanawake wamekaa mikekani wanachambua mchele, na chumbani mwa mjane anayekalia eda mtu anacheza gemu ya simu!

"Bi Mwamina," akasema jirani yao Mwanaheri, "kumbe matanga yenu yana muziki? Mngetuambia mapema, tungekuja na vigelegele."

Wenzake wakainamia nyungo kuficha vicheko.

Mwamina aliijua gemu hiyo. Muda wote Mahamudu alipolazwa Nachingwea, kila alipoukaribia mlango wa wodi alisikia milio ile ile, na kila alipoingia ilikatika ghafla, huku mjukuu wao Fauzia akiuma midomo asicheke. Binti mzima, anauguza kwa gemu!

"Fauzia! Zima huo uchafu!"

Badala yake, ngoma ziliingia chini ya zumari, kwanza moja moja, kisha zikafukuzana. Mwamina hakukiona kioo cha simu, lakini alijua kuna mtu anakimbia na kuna kitu kinamwandama. Mara ngoma zikanyamaza. Ikabaki zumari peke yake, nyembamba, kama pumzi ya mtu aliyeliona paa la kwao baada ya safari ndefu. Machozi yaliyomgomea tangu msiba utokee yakamlengalenga. Alijichukia. Hakumlilia kaka yake, aje alie kwa upuuzi wa simu?

Hakutaka hata kuchungulia. Akapenyeza mkono kwenye pazia.

"Lete hapa!"

Simu ikawekwa kiganjani mwake taratibu, bado inaimba. Akaitumbukiza katika ndoo ya maji ya kuoshea vyombo. Zumari ikakoroma, ikakata roho.

"Sasa marehemu ameheshimiwa," akawaambia wanawake.

Hapo Fauzia akatokea njia ya bondeni, mzigo wa kuni kichwani. Alipoitazama ndoo, kuni zilimwanguka.

"Bibi, mbona simu ya babu imo majini?"

Nyuma ya pazia ikatoka sauti ya mjane, kavu:

"Wifi, kaka yako alibakiza hatua ya mwisho tu ya gemu yake. Aliniomba nimfikishe."