Maringo ya Kornelio

Alfajiri Oktavia alitoka kwao Mahongole na jembe begani, akaipita njia ya shambani bila hata kuitazama. Jembe lenyewe halijawahi kugusa udongo. Lilikuwa la posa, alilopewa na Kornelio kabla hajaenda vitani Burma, na leo alikuwa analirudisha.

"Mwanangu, kazi hiyo ni ya mshenga," mama yake, Telesia, alimwambia mlangoni.

"Mshenga hakumngoja, mama. Nilimngoja mimi."

Na alimngoja kweli, jamani. Wenzake waliolewa, wakabeba watoto mgongoni, yeye akabaki kusuka vikapu peke yake. Wachumba wengine walikuja, akawakatalia wote.

Kisha Kornelio akarudi shujaa. Siku aliyovalishwa nishani, uwanja wa boma la Njombe ulifurika. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, alieleza yote: jinsi adui walivyoshambulia kilima, kombora likaanguka karibu kabisa na Kornelio, afisa akapuliza filimbi ya kurudi nyuma, askari wakashuka mbio. Kornelio peke yake akabaki na bunduki yake ya rashasha, akawazuia adui mpaka wenzake wakavuka mto. Watu walishangilia hadi sauti zikawakauka. Oktavia alilia kwa furaha.

Furaha yenyewe haikudumu. Loh, shujaa alirudi na maringo! Ukimwamkia njiani, "Kamwene!", anapita zake. Kanisani watu wote wamesimama, yeye kaketi, mpaka aangaze huku na huku ndipo ajivute kunyanyuka. Kwenye pombe ya ulanzi husema yeye tu, tena kwa kufoka, utadhani wazee wa watu ni makuruti wake, na kabla hajajibiwa ameshaondoka. Waliokwenda kumgongea mlango hawakufunguliwa, na moshi wanauona unafuka. "Nishani imempanda kichwani," walisema watu mpaka Makambako. Wakaacha kumtembelea.

Jumapili iliyopita Oktavia alimwita nje ya kanisa, mbele za watu. Akamwita tena. Kornelio hakugeuka. Watu wakacheka, na aibu ile haikumtoka wiki nzima.

Sasa alimkuta uani kwake, pembeni ya msitu, amempa mgongo, anapasua kuni. Afadhali hivyo. Uso kwa uso asingethubutu.

"Sikuja kugombana," akaanza, kisha maneno yakamtoka yenyewe. "Nimekungoja mpaka wadogo zangu wakaolewa. Nimelala peke yangu, nimeamka peke yangu, nakuombea wewe. Kama hunitaki, sema. Hata ukinifukuza nitashukuru, nijue moja. Lakini usininyamazie hivi, Kornelio!"

Shoka likapanda, likashuka.

Oktavia akaangua kilio, kilio cha mtu asiyejali tena nani anamwona. Shoka likapanda tena.

Basi hasira zikampanda. Akalibwaga jembe pale pale, akazunguka mbele apate kuuona uso wa mtu katili namna hii.

Kornelio aliruka kwa mshtuko, shoka likamponyoka. Halafu uso wake wote ukachanua.

"Oktavia!" akapaza sauti. "Karibu! Umefika sasa hivi?"

Oktavia alisimama, machozi yangali yanamtiririka. Kornelio alikuwa ameikazia macho midomo yake, anasubiri. Oktavia akauliza polepole, neno moja moja.

"Ile filimbi ya kurudi nyuma, Kornelio. Uliisikia?"

Kornelio akatazama pande zote, asije akawapo wa kuwasikia. Kisha akatikisa kichwa.

"Niligeuka kuwaomba wenzangu risasi," akasema kwa sauti ile ile ya kufoka, "nikakuta niko peke yangu."