Maji Yaliyoishia Barabarani

Kila mara mtu alipobadilisha chochote kwenye programu ya kukadiria mafuriko, kompyuta zilizounganishwa kujaza ukumbi mzima ziliijaribu zenyewe. Zilirudia mafuriko yaliyoukumba mji miaka michache nyuma, kisha zikalinganisha maji yake na alama ambazo maji ya kweli yaliacha kwenye kuta za mji. Yakifika palepale, taa ya kijani iliwaka kwenye skrini. Yasipofika, iliwaka nyekundu na badiliko likakataliwa.

Mwanakombo ndiye aliyeyapanga majaribio hayo. Alama mojawapo ilikuwa ya chumba cha mama yake, juu ya kitanda. Aliipima mwenyewe, baada ya mazishi yake.

Asubuhi hiyo taa iliwaka nyekundu.

"Samahani, dada," alisema Kheri, mwenzake wa meza ya jirani. "Nimeharibu. Maji yameishia barabarani. Hayajaingia hata nyumba moja."

Mwanakombo akasogeza kiti. Kwenye ramani, buluu ya maji ilikuwa imesimama ukingoni mwa lami. Ng'ambo yake nyumba ya mama ilikuwa kavu.

"Niirudishe ilivyokuwa?"

Mwanakombo aliigusa nyumba ile kwenye skrini kwa ncha ya kidole.

"Dada?"

"Irudishe," alisema mwishowe. Kisha akamshika mkono. "Lakini ngoja kwanza."

Kheri akaachia kipanya. Mwanakombo akaivuta ramani karibu, karibu zaidi, mpaka paa la mama likajaa skrini, akatulia akilitazama kama mtu aliyepiga hodi na kusikia kandambili zikiburuzwa ndani.