Mbegu za Juu ya Gunia

Walikuwepo Mashavu, mwenye mbegu. Kihiyo, mnunuzi wa ushirika. Na Mwalimu Nyangeta, mpimaji. Juu ya kitambaa kibichi zilipangwa mbegu arobaini za mahindi, nane hazikuota.

“Uliahidi tisa kwa kila kumi, shangazi. Hizi si tuwamwagie kuku?” Kihiyo alitania.

Mashavu alizihesabu tena zile nane. Akikataliwa, msimu wake wote umekwenda na maji.

“Mlizichota wapi?” Mwalimu aliuliza.

“Juu ya gunia la mlangoni,” Kihiyo alijibu.

“Basi hazikuchotwa kwa bahati nasibu. Tena ni chache: kwa ahadi hiyo tungetarajia nne tu zisiote, na kipimo hiki hutaka hizo za kutarajiwa zisipungue kumi. Leo sihukumu. Changanyeni magunia yote, tuchote mia mbili.”

Mashavu alikuwa keshazamisha mkono guniani hadi kiwikoni.