Upande wa Kushoto wa Maiki

Wimbo ulipofika kwenye kiitikio, Ezron akasogea hatua moja kushoto, akanyamaza.

Binti wa mitambo akasimamisha muziki, akamtazama kupitia kioo. "Baba, mbona unaikimbia maiki?"

"Samahani, mwanangu. Tuanze tena."

Albamu ya kurudi, ndivyo wanavyoiita. Bendi nzima, baada ya miaka thelathini. Lakini mpiga dramu alirekodia Mbeya, mpiga besi akatuma sehemu yake kwa WhatsApp, na hapa Iringa, katika chumba kilichozibwa kwa magodoro, Ezron alikuwa peke yake na koti lake.

Enzi zao maiki ilikuwa moja. Waimbaji wawili walibanana mbele yake bega kwa bega, na kiitikio kikifika, Ezron alimpisha mwenzake. Mwenzake alinuka tangawizi. Aliitafuna mbichi, eti inalinda koo. Walimzika kule Mbalizi mwaka juzi, mvua ikinyesha.

Wimbo ukaanza tena. Kwenye kiitikio, miguu ya Ezron ikasogea yenyewe.

Binti akacheka kwa upole. "Usihangaike, Baba. Sauti ya pili naitengeneza hapa hapa. Nachukua yako, naishusha kidogo. Hakuna atakayejua."

Akabonyeza. Sauti ikaitikia kwenye hedifoni, safi, haikukosea popote. Ilikuwa yake mwenyewe.

Ezron akaisikiliza mpaka mwisho, ameishika nguzo ya maiki kwa mikono miwili.

"Icheleweshe kidogo," akasema. "Yeye alikuwa anachelewa kuingia."

Kisha akasogea kushoto, akasubiri.